Oili Isiyochakaa

Ubavu mmoja wa injini ulikuwa wa kioo, kwa hiyo wageni wote ukumbini Dodoma waliiona ikijeruhiwa. Mhandisi Sekela Mwasomola aliitia mchanga kwa mkono wake mwenyewe, akaiwasha, na pistoni ikachora mkwaruzo mrefu kwenye chuma. Kisha oili, ya rangi ya asali, ikakusanyika kwenye mkwaruzo ule. Dakika nne baadaye chuma kilikuwa laini, kinang'aa kama hakijawahi kuguswa.

"Ndani ya oili hii mna visawazishi," alieleza. "Ni mashine ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zinapapasa chuma, na zikikuta penye mparuzo zinapasawazisha. Injini ikipoa zinalala, ikipata joto zinaamka. Ndiyo maana oili hii haibadilishwi. Kamwe."

Makofi yalikuwa bado yanalia simu yake ilipotetemeka. Alikuwa Mama Tusajigwe, jirani wa baba yake huko Uyole.

"Sekela mwanangu, njoo. Baba yako yuko nje tangu asubuhi. Mlango wake haumtambui."

Treni ya sumaku ilimfikisha Mbeya saa nane mchana. Alimkuta Mzee Ambilikile amekaa kwenye benchi uani, kando ya pikapu yake. Kwa miaka arobaini mzee huyo alikuwa dereva wa malori ya Zambia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huo mlango ulioniwekea, wa kufunguliwa kwa kidole, leo umenikataa kabisa."

Sekela alikishika kiganja cha baba yake, akakigeuza juani. Hakikuwa na alama za vidole. Hakikuwa na mistari. Hata makovu ya spana aliyoyajua tangu utotoni hayakuwepo. Kilikuwa laini kama kikombe cha kaure.

"Baba, umekuwa ukishika nini?"

"Nishike nini tena? Namwaga oili ya gari. Ile uliyoniletea pipa zima niwagawie madereva wenzangu."

"Unaimwaga?"

"Kila kilomita elfu tano, kama nilivyozoea. Naiwasha injini dakika chache oili ipate vuguvugu, nazima, naingia chini na beseni, nafungua nati. Naiacha ichuruzike yote. Nabadilisha filta, natia mpya, nachomoa kijiti, napima."

"Imeandikwa kwenye pipa isibadilishwe."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi, Baba."

"Basi wewe hujawahi kulala chini ya gari." Hakusema kwa hasira. "Oili unaisugua hivi kati ya vidole, unasikia kama ina chembe. Ila siku hizi sisikii kitu. Nikajua ni uzee."

Sekela alikitazama tena kiganja kile. Yeye ndiye aliyepanga visawazishi viamke kwenye nyuzijoto thelathini na tano, ili injini ilindwe mapema, kabla haijachemka. Mwili wa binadamu una thelathini na saba. Katika miaka sita ya majaribio hakuna aliyeuliza vikigusa ngozi itakuwaje, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuigusa oili.

"Oili chafu uliitupa wapi?"

"Nitupe? Majirani waligawana. Wengine walipaka nguzo zisiliwe na mchwa, wengine ng'ombe wenye kupe. Halafu walipoona mikono yangu ilivyolainika, wakaanza kujipaka miguuni. Mtaa huu hakuna tena mwenye magaga."

Mama Tusajigwe alikuwa amesimama getini na mjukuu wake wa kike, wa miaka miwili.

"Huyu nilimpaka miguu yote, alikuwa na upele," alisema kwa furaha. "Umekwisha wote! Na amekuwa jasiri. Juzi kakanyaga kaa la moto, hata kulia hakulia."

Sekela alipiga magoti, akamtekenya mtoto kwenye nyayo. Mtoto alimtazama tu.

Akampigia mkurugenzi wa kiwanda.

"Magari mangapi yanatumia oili yetu?"

"Laki tisa na kidogo. Kwani vipi?"

"Na wangapi wanajibadilishia nyumbani?"

"Hakuna. Tumewakataza."

"Baba yangu umemkataza?" alisema Sekela. "Tangaza sasa hivi, kwenye kila redio. Watu wasiiguse."

Mkurugenzi akasema lazima kwanza akae na wanasheria.

Jioni wauguzi walioitwa na Sekela walifika wamevaa glavu nene. Walilifunga pipa, wakawapanga majirani foleni, mikono mbele. Watu walikuwa wakitaniana, mpaka walipotazamana viganja. Daktari waliyekuja naye alimvuta Sekela pembeni. Majirani wataingiza miguu na mikono kwenye barafu, alisema, ili visawazishi vilale. Lakini vilichokwisha kukisawazisha hakitarudi, na baadhi vilikuwa vimepita ngozi na kuingia kwenye neva. Vilikuwa vinapanda.

Sekela alirudi kwenye benchi, akakaa ubavuni mwa baba yake. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, amechoka. Sekela aliuchukua mkono wake, akaukumbatia kwa mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Sekela," mzee aliita. "Upo?"

"Nipo, Baba."

"Usikae mbali hivyo, mwanangu. Njoo unishike mkono."