Mfungo wa Mama Lugano

Kila asubuhi kule Kinyala, ukungu ungali juu ya migomba, Mama Lugano alikuwa amekwisha kusali, amekwisha kukamua, na maziwa yametulia kwenye kibuyu. Maandiko aliyajua kwa kichwa. Na kufunga, nani angemshinda? Juma halikupita hajafunga.

Kwa hiyo alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, hakuna aliyeshangaa. Angewekewa mikono Jumapili. Lakini jirani yake, mwinjilisti Anyosisye, alimpa kazi moja kwanza. Amuulize mtu anayeishi naye: nikikasirika, nakuwaje? Kisha asikilize bila kujitetea.

Aliyeishi naye ni mmoja tu, Ikupa, mke wa mwanawe. Lugano alifanya kazi katika kiwanda cha chai, akija nyumbani mwisho wa mwezi.

Siku tatu Mama Lugano alizunguka na swali hilo. Alikwenda nalo shambani, akarudi nalo. Je, Ikupa akisema neno baya? Je, likifika kanisani? Ijumaa, wakimenya ndizi za kupika mbalaga, akaona hapana pa kukimbilia. Akauliza, macho yake kwenye kisu.

Ikupa aliweka ndizi yake chini, akamtazama.

"Mama, niseme kweli?"

"Sema, mwanangu."

"Ukikasirika, unafunga."

Mikono ya Mama Lugano ikasimama.

"Juzi nilichelewa mtoni, ukasema umefunga. Mbuzi alipokula mboga, ulifunga siku mbili. Napika, chakula kinalala. Hata sufuria naifunika polepole, nisikukere. Na siwezi kuuliza nimekosa nini, maana umesema uko na Mungu."

Mama Lugano alitaka kujieleza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akakumbuka alivyoagizwa, akayameza.

Jioni alikwenda kwa Anyosisye akamsimulia yote. Akasema wamtafute mwingine, yeye hafai.

"Kumbe Mungu anaambiwa unafunga kwa ajili yake, na wewe unafunga kwa ajili ya ndoo ya maji," mwinjilisti alisema, akitabasamu.

Kisha akamweleza taratibu. Kufunga ni kwema. Lakini ukomavu wa Mkristo hauonekani kwa kuhesabu siku za kufunga. Mtu ajiulize: nikikosewa, nasema, au naadhibu kwa kununa? Nikiambiwa kosa langu, nasikia? Naweza kumwomba radhi aliye mdogo kwangu?

"Leo umeambiwa, na hukujibu," alisema. "Hapo umeanza. Lililobaki liko nyumbani kwako."

Mama Lugano akamwomba radhi Ikupa usiku uleule, kabla ya kula. Mwenyewe akaomba kuwekewa mikono kungoje. Jumapili alikaa kwenye benchi lake la siku zote, akihisi macho ya watu mgongoni.

Wiki ya nne, Ikupa alisahau kufunga mlango wa jiko, mbwa akanywa maziwa yote. Ikupa alisimama mlangoni akisubiri. Mama Lugano alihisi neno lile la zamani likipanda kooni: leo nimefunga.

Akavuta kigoda, akakaa.

"Ikupa, nimekasirika. Yale maziwa yameniuma. Mlango ule uwe unaufunga."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa nipakulie, nina njaa."

"Ndaga, mama," Ikupa alishukuru, akageukia meko. Mfuniko ukamponyoka, ukalia chini kwa kishindo. Hakuna aliyeshtuka.