Salamu za Nyumba ya Udongo

Magharibi ilikuwa bado kuadhiniwa Duha alipofunga mlango kwa nje, akamwacha mwanawe ndani.

"Naenda chukua mikate ya mofa tu, mama. Sichelewi. Mtu akibisha, usiitike."

"Na akitoa salamu?" Mona aliuliza nyuma ya mlango. Ana miaka sita huyo, na hakosi swali.

"Usiitike."

Msimlaumu kwa kumfungia mtoto. Mwezi uliopita nyumba ile ya Kibokoni ilikuwa na watu wanne. Sasa walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao hata kufikia komeo hawezi. Baba wa mtoto waliachana zamani. Wa kumtuma mkate, Duha hakuwa naye.

Kadenge, muuza mofa, alimfungia mikate minne kwenye gazeti, kisha akakumbuka, akairudisha miwili tanurini.

"Pole tena, dada Duha," alisema. "Kuna bibi mgeni kapita hapa sasa hivi. Kajifunika gubigubi, na juu kavaa kofia ya ukili, ndefu hivi. Sijapata kuona vazi lile mjini hapa. Kasema nimfikishie salamu..."

"Usimtaje."

"Mona." Jina lilikuwa limeshamtoka Kadenge.

Gazeti lilimchoma Duha vidole, asihisi.

"Sikuipokea hiyo salamu, Kadenge. Akirudi mwambie sikuipokea."

"Nimwambie wapi? Kashakwenda." Akaonyesha kwa kidevu kichochoro cha kina Duha.

Na balaa lote hili, wallahi, Duha alilileta mwenyewe.

Babu yake, mzee Taha, alikimbia kutoka Hadhramauti, kule Yemeni, enzi za wakomunisti, wakati wenye mashamba wakikamatwa mmoja mmoja. Alifika Mombasa na kanzu moja na ufunguo wa mbao wenye meno kama kitana. Alioa, akazaa, akapata wajukuu, ufunguo ule haukutoka sandukuni. Duha alipomwambia anataka kwenda kuiona asili yao, mzee alisema maneno matatu: "Hapana kitu kule." Lakini Duha ni mbishi. Wakomunisti washaondoka miaka na miaka, nani atamzuia? Alikata tikiti, akauiba ufunguo, akaenda.

Nyumba aliipata, ng'ambo ya mashamba walimolima wanawake wa kofia ndefu za ukili. Ghorofa tatu za udongo, dari imeanguka, mlango umesimama. Akautia ufunguo. Kabla hajausukuma mlango, sauti ikatoka ndani.

"Nani?"

Sauti ya kike, kavu. Duha akajitambulisha kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani: mjukuu wa Taha, kutoka Mombasa.

"Taha hajambo?"

Hapo ndipo alipoponzeka. Watu wa Mombasa tuna tabia hii, tusifichane. Mtu akiulizwa hali ya jamaa, hata kama jamaa mwenyewe hana habari, atajibu: hajambo, akusalimu sana. Ni adabu tu. Hakuna anayeihesabu kuwa ni uongo.

"Hajambo, akusalimu sana," alisema Duha.

"Na nani mwengine?"

"Ndugu yangu Bassam, akusalimu. Mwanangu Mona, akusalimu."

"Na mke? Taha alioa?"

"Alioa. Bibi alishafariki."

Ndani kitu kikaburuzika kwenye vumbi... kikasogea mlangoni. Duha, kwa kukosa la kusema, akaongeza lile la mwisho: "Karibu kwetu Mombasa." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si ndivyo tusemavyo?

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi akamuuliza azungumza na nani. Nyumba ile, alisema, haijakaliwa na mtu tangu enzi za wakomunisti.

Duha alikimbia. Ufunguo aliuacha mlangoni.

Wiki mbili baada ya kurudi, jirani aliita kutoka barazani: "Mzee Taha, kuna bibi wa kofia ya ukili, akusalimu." Mzee akaitikia kabla ya kuuliza ni nani. Kisha akauliza. Usiku huo alishikwa na homa, na chumba chake kikanuka udongo mkavu ulionyeshewa. Siku ya tatu alimshika Duha mkono.

"Nilimfungia mlango kwa nje," alinong'ona. "Askari walikuwa njiani. Naye ana homa, hawezi kwenda. Nikamwambia ngoja. Nitakuja kukuchukua."

"Ulimwambia nani, Babu?"

Alikufa, jina la mwanamke huyo halijamtoka kinywani.

Bassam alikuwa akitembeza wageni pale Ngome ya Yesu. Muuza vinyago alimfikishia salamu mchana kweupe, akaitikia huku akicheka. Siku tatu tu, naye akafa. Duha alikwenda kwa shehe, akapiga magoti, akalia. Shehe alisoma, akapuliza, kisha akasema kwa upole: "Ningekuwa na la kufanya ningefanya, binti yangu. Mgeni uliyemkaribisha kwa ulimi wako, mimi simfukuzi."

Sasa Duha alikuwa akikimbia kichochoroni, mikate kifuani. Hofu yake ilikuwa moja tu. Mona.

Kufuli lilikuwa vile vile. Madirisha yamefungwa. Akashusha pumzi, akafungua.

Harufu ikamlaki.

Udongo. Udongo mkavu, ulionyeshewa.

Mona alikuwa amekaa kwenye daraja ya chini ya ngazi, kiganja kimoja amekifumba.

"Nilikwambia mtu akibisha usiitike," Duha alisema. Sauti yake haikuwa yake.

"Hakubisha, mama." Mtoto alinong'ona. "Alikuwa ndani."

Duha akachutama mbele yake.

"Alinisalimu. Na mwalimu wa chuoni asema salamu haiachwi."

"Ukamwitikia."

Mona akaitika kwa kichwa. Duha akamgusa paji la uso. Moto. Tayari moto. Leo Jumatatu, akahesabu, na akili yake ikakataa kufika Alkhamisi.

Akainua uso kule juu ngazini, kwenye giza. "Nichukue mimi," alisema. "Huyu hakufika kwako. Mimi ndiye niliyekuja. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nichukue mimi, nakuomba."

Vumbi jepesi lilidondoka kwenye ngazi, la rangi ya udongo, na nyumba ile ni ya mawe tupu.

Akakumbuka kule mlangoni. Aliulizwa habari za kila mtu. Jina lake mwenyewe hakuulizwa.

"Alisema nini juu yangu, Mona?"

Mtoto alikifumbua kiganja. Ufunguo wa mbao. Meno yake kama kitana.

"Kanipa nikupe. Asema sisi tutakwenda naye, na babu, na mjomba Bassam. Wewe ubaki na nyumba." Mona alilaza kichwa begani kwa mama yake. Macho yalikuwa yakijifumba. "Asema ungoje. Atakuja kukuchukua."

"Lini?"

"Hakusema."