Kitanda Changu Hakimo Kwenye Ramani

Nimeshika ramani ya nyumba yetu mkononi... na kitanda changu hakimo.

Subirini niwaeleze taratibu.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Miaka kumi na moja nawachorea watu, sisi wenyewe tumepanga. Mwaka jana mimi na baba watoto tukapata kiwanja msituni, kwenye mteremko. Nikachora nyumba ya ndoto zangu: imeinuliwa juu ya nguzo kumi na mbili, vioo vikubwa, ngazi kumi na nne hadi mlangoni, chumba chetu kikitazama miti.

Asubuhi ile naingia ofisini, mashine ya kuchapa inatema karatasi. Nikadhani ni ya mteja. Kumbe ni nyumba yetu, na siyo niliyoichora mimi.

Nyumba imeshushwa chini. Chumba chetu hakipo. Pale pana chumba chenye kitanda cha mtu mmoja, ubavuni chumba kidogo chenye kitanda kingine, na kati ya vyumba hivyo mlango.

Vyumba vya watoto vipo. Mimi sipo.

Nikamgeukia Rula, msaidizi wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata mkate anaukata kwa kupima.

"Nani kakuagiza hii?"

"Shemeji, mumeo. Alisema usijue kwanza."

"Na hiki chumba kidogo ni cha nani?"

"Alisema kuna mtu atakuja kukaa naye... Bosi, mimi nimetumwa tu."

Mtu atakuja kukaa naye. Wanawake wenzangu, mnajua nilichosikia hapo.

Mimi huyo, mpaka msituni. Mashine ya zege inaunguruma, ila hakuna anayemwaga. Fundi mkuu amesimama mikono kiunoni.

"Mbona mmesimama?"

"Mzee kapiga simu, mama. Kasema tusimwage, nguzo zitakatwa fupi. Yuko njiani."

"Nyumba hii nani kaichora?"

"Wewe, mama."

"Basi mwaga."

Akawapungia vijana wake mkono. Wakamwaga nguzo zote, nami nimesimama pale nahakikisha. Nilikuwa nalia, lakini nisiwadanganye, nilifurahi pia. Nikasema moyoni, huyo mtu wake atazipanda ngazi zangu.

Ya mwisho ilikuwa inajazwa gari la mume wangu lilipofika, mdogo wake kwenye usukani. Yeye mwenyewe akashuka, akayumba, akashika mlango. Akapiga hatua, akayumba tena. Miezi mitatu alikuwa hivyo, na kila nikimuuliza anasema ni uchovu.

"Tazameni jamani," nikawaambia mafundi. "Mchana kweupe, kalewa. Na huyo mwanamke wako anakupenda hivyo hivyo?"

Mafundi wakageuza nyuso.

Yeye akaziangalia nguzo moja moja, kisha akakaa juu ya rundo la mbao.

"Sinywi," akasema. "Unajua sinywi."

"Sasa una nini?"

"Misuli ya miguu inakufa. Daktari anasema mwaka, ikizidi sana miwili, nitakuwa kwenye kiti cha magurudumu. Ngazi kumi na nne nitazipandaje, mama watoto?"

Nikaikunjua ile karatasi upya. Kila mlango una upana unaozidi mita moja. Bafu halina kizingiti. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeelewa nyumba ile ni ya nani. Mimi niliyesomea kazi hii nilikuwa nahesabu vitanda.

"Na kile chumba kidogo?"

"Cha nesi wa kunihudumia."

"Na mimi je? Mbona hukuniweka?"

Akaziangalia tena zile nguzo.

"Nilijiambia ukijua utaondoka. Sikutaka kujenga chumba chenye kitanda kitupu, niwe nakitazama kila siku."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza kuhusu ramani. Badala yake umeniita mlevi mbele ya mafundi."

Mdogo wake akamshika mkono, wakaingia garini. Sikumfuata. Miguu yangu mizima ilikataa kwenda.

Leo ni siku ya kumi na tisa yuko kwa mama yake. Simu zangu hapokei. Nikibisha hodi, mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, mpe muda." Muda ndio kitu alichopungukiwa.

Waliosema hasira hasara hawakukosea. Ukiona kwa mwenzio jambo usilolielewa, uliza kwanza, hata kama jibu unaliogopa. Na wewe unayemficha mwenzio ugonjwa, ukidhani unamhurumia, jua umeshamhukumu kabla hajakosa.

Ila mnisamehe. Haya yote sikuwaandikia ninyi.

Baba watoto, Rula kaniambia ukurasa huu unausoma. Nguzo nimeagiza zivunjwe zote. Nimechora upya, nyumba iko chini, haina ngazi hata moja. Chumba cha nesi kipo. Kwenye chumba chako nimechora kitanda kikubwa, na upande wa dirishani nitalala mimi. Sijaondoka, na wala sikuwahi kufikiria.

Mafundi wanarudi Jumatatu. Safari hii nimewaambia hawaanzi mpaka wakusikie wewe. Njoo useme, hata kama ni hapana.