Nusu ya Apiyo

Adongo na Apiyo ni mapacha. Apiyo alizaliwa kwanza. Adongo akafuata.

Na hivyo ndivyo wanavyofanya kila kitu. Apiyo akiruka dimbwi, Adongo anafuata. Apiyo akicheka, Adongo anafuata.

Wakipewa chapati moja, wanaikata katikati. "Nusu yangu, nusu yako!"

Hata kitanda wamekigawana. Upande wa ukutani ni wa Apiyo. Upande wa dirishani ni wa Adongo.

Likizo hii walikuja pwani na Baba na Mama, nyumbani kwa Shangazi Akeyo. Shangazi ni dada yake Baba, na hapendi kukaa bure. "Jumamosi tunapanda mashua ya tanga!" alisema. "Tunakwenda kisiwani!"

Jumamosi ikafika. Apiyo akaamka na vipele. Vipele puani, vipele tumboni, vipele hata masikioni! Ilikuwa tetekuwanga.

Adongo alishaugua kabla ya likizo, akapona. Hata tetekuwanga wamegawana, jamani!

Mama akampaka Apiyo dawa ya rangi ya waridi. "Huyu haendi popote leo," akasema. "Nitabaki naye."

"Basi hata mimi siendi," akasema Adongo.

"Nenda," akasema Apiyo. "Halafu uniletee nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya kila kitu."

Adongo akachukua kikapu kidogo. Akaenda na Baba na Shangazi. Alikuwa hajawahi kwenda popote bila Apiyo. Hata dukani.

Nahodha akapandisha tanga. Pwaa! Upepo ukalijaza. Mashua ikaondoka. Chwa, chwa, chwa.

Adongo akakaa kwenye ubao. Akasogea kidogo, akaacha nafasi pembeni yake. Ilikuwa nafasi ya Apiyo.

Shangazi akaweka ndizi hapo.

Samaki akaruka majini. Chubwi! "Umemwona?" akauliza Adongo. Akageuka.

Ndizi hazikujibu.

Kila siku watu humuuliza, "Wewe ni Apiyo au Adongo?" Humuuliza mpaka anachoka. Leo hakuna aliyemuuliza.

Adongo akatamani mtu amuulize. Hata mara moja tu.

Chwa, chwa, chwa. Mashua ikafika kisiwani.

Mchanga ulikuwa mweupe pepepe. Kaa wadogo walikimbia upande upande, tiki tiki tiki. Bahari ilikuwa ya buluu, buluu, buluu.

Shangazi hakungoja. Akajitosa majini na kanga yake. Chubwi! Baba akamfuata. Chubwi!

"Adongo, njoo!" wakaita.

"Nina kazi," akasema Adongo.

Akachukua sambusa moja. Akaikata katikati. "Nusu yangu, nusu ya Apiyo." Nusu moja ikaingia tumboni. Nusu nyingine ikaingia kikapuni.

Akachukua kipande cha embe. Akakikata katikati. "Nusu yangu, nusu ya Apiyo."

Akaokota makombe mawili ya chaza mchangani. "Moja langu, moja la Apiyo."

Sasa ikabaki bahari.

Adongo akachukua chupa tupu ya maji. Akachota bahari. Gulu, gulu, gulu. Akaiinua juu aione.

Ah! Maji hayakuwa ya buluu. Yalikuwa maji tu. Na mawimbi je? Hayakuwemo.

Akaimwaga. Akachota tena, pembeni kidogo. Gulu, gulu, gulu.

Maji tu.

Adongo akakaa mchangani. Shangazi alikuwa anacheka kule majini. Adongo hakuwa na wa kucheka naye. Machozi yakamtoka. Hata hayo hakugawana na mtu.

Baba akaja, maji yakimchuruzika. "Mbona huogelei, mwanangu?"

"Apiyo anataka nusu ya kila kitu," akasema Adongo. "Na bahari haikatiki."

Baba akaitazama chupa. Hakucheka. Akakaa mchangani karibu naye.

"Mimi pia nina shida," akasema. "Mama yako amebaki nyumbani. Nimpelekee nini?"

Adongo akafikiri. "Sambusa?"

"Nimezimaliza."

"Ai, Baba! Basi utamsimulia. Utamwambia bahari ikoje."

Baba akajikuna kichwa. "Sikuangalia vizuri. Nilikuwa narukaruka tu."

"Baba!" akasema Adongo. "Sasa utamwambia nini? Ungeangalia! Unge..."

Adongo akatazama miguu yake. Ilikuwa mikavu kabisa.

Akasimama. Akamshika Baba mkono. "Twende tukaangalie."

Akaingiza vidole vya mguu. Uuu, baridi!

Akaingiza magoti. Mchanga ukakimbia chini ya nyayo zake. Ukamtekenya.

Akalamba mdomo. Chumvi!

Halafu likaja wimbi. Likaja, likaja, likaja... Chubwi! Likamwangusha Adongo kwa makalio.

Adongo akacheka. Akageuka pembeni, amwone Apiyo anavyocheka.

Apiyo hakuwepo. Moyo ukamuuma.

"Nusu yangu, nusu ya Apiyo," akasema polepole. Akaangalia kila kitu vizuri. Akaweka kila kitu kichwani.

Jioni wakarudi. Chwa, chwa, chwa. Nafasi pembeni yake ilikuwa bado ipo. Sasa hata ndizi zilikuwa zimeliwa.

Nyumbani Adongo aliingia mbio. "Apiyo! Nimekuja!"

Apiyo alikuwa kitandani, wa waridi kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nusu yangu iko wapi?"

Sambusa ilikuwa imepondeka. Embe lilikuwa limelowesha kikapu. Apiyo akala vyote. Kru, kru, kru.

"Ina mchanga," akasema.

"Ni mchanga wa kisiwani."

"Basi ni mtamu," akasema Apiyo.

Akapewa kombe lake. Akaliweka chini ya mto.

Usiku ukaingia. Mama akashusha chandarua, akapunguza taa. Adongo akapanda kitandani.

Halafu akaona jambo. Upande wake wa shuka ulikuwa umenyooka. Mto wake haukuwa umeguswa. Na Apiyo alikuwa amejibana ukutani kabisa.

"Apiyo, umelala hapo siku nzima?"

"Eh."

"Umejibana hivyo? Na kitanda chote hiki?"

"Hiyo ni nusu yako," akasema Apiyo.

Adongo akasema, "Mimi pia nilikuwekea nafasi. Kwenye mashua."

"Nani alikaa?"

"Ndizi."

Apiyo akacheka. Adongo akafuata. Wakacheka mpaka kitanda kikalia, kwii, kwii.

"Sikuwa na raha bila wewe," akasema Adongo.

"Hata mimi," akasema Apiyo. "Sasa nipe bahari."

"Funga macho."

Upepo ukaingia dirishani. Chandarua kikajaa. Pwaa! Kikawa tanga. Kitanda kikawa mashua. Chwa, chwa, chwa.

"Ingiza vidole vya mguu," akasema Adongo.

"Uuu, baridi!" akasema Apiyo.

"Mchanga unakimbia. Unakutekenya."

"Hi hi hi!"

"Lamba mdomo."

"Chumvi!"

"Na sasa wimbi linakuja." Adongo akainua shuka juu. Linakuja, linakuja, linakuja... Chubwi! Shuka likawafunika wote wawili.

"Bahari ni ya rangi gani?" akauliza Apiyo, kwa sauti ya usingizi.

"Buluu, buluu, buluu."

"Nusu yangu," akasema Apiyo.

"Na nusu yangu," akasema Adongo.

Apiyo akalala kwanza.

Adongo akafuata.