Tundu Lisilozibwa

Fundi viatu alimpenda mkewe kwa mikono: akiona kitu chake kimetoboka, anakiziba. Mkewe alikuwa na kisukari. Muuguzi alisema dawa yake ya sindano isipate joto kuzidi nyuzi ishirini na tano, na nyumba yao ya bati mchana haikaliki. Kwa hiyo fundi alinunua kisanduku cha kupozea dawa, cha kutumia betri ya sola.

Siku ya pili alipitisha mkono nyuma ya kisanduku. Kumbe kuna tundu linapuliza joto.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. Akakata ngozi, akapaka gundi, akabandika kiraka safi, akajisifu.

Alasiri kipimajoto cha ndani kilisoma thelathini na sita. Dawa ilikuwa imepata moto, na chupa ilikuwa hiyo moja tu. Fundi akamwita jirani yao, binti anayetengeneza redio.

"Shikamoo, baba. Nani kaweka kiraka hapa?"

"Marahaba. Mimi. Joto lilikuwa linavuja."

Binti akacheka mpaka akakaa chini. "Halivuji, linatolewa. Humu hamna gesi wala mtambo wa kunguruma kama wa friji. Kuna kigae chembamba kama biskuti. Umeme ukipita, unahamisha joto: upande wa ndani unapoa, wa nje unapata moto. Feni inalifukuza kupitia tundu hili. Ukiziba, linarudi ndani."

"Basi hakitengenezi baridi?"

"Kinatoa joto tu. Ndiyo maana ni chepesi, hakina kelele, na hakina vingi vya kuharibika. Ila hakifanyi miujiza. Kiweke kivulini, mbali na ukuta, kipumue."

"Na dawa hii?"

"Usibahatishe. Nenda kwa muuguzi."

Fundi akabandua kiraka chake mwenyewe, akaenda mbio zahanati. Muuguzi akampa chupa nyingine. Aliporudi, kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Akaiweka dawa ndani, akaketi karibu na mkewe, macho yamejaa machozi.

"Nilitaka kukulinda, mke wangu. Nusura nikuumize."

Mwezi ule ulipita bila dawa kuharibika tena. Siku ya kupimwa, sukari ya mkewe ilikuwa imetulia. Njiani kurudi nyumbani alimshika mumewe mkono.

"Najua unanipenda, mzee," akamwambia. "Siku nyingine ukinipenda, uliza kwanza."