Aliyeng'arisha Mashine

Mhanga alikuwa amesimama katikati ya ghala kwenye magurudumu yake mawili ya chuma: mashine kuukuu ya kupandia mbegu. Kutu ilikuwa imeitanda yote, isipokuwa kiraka kimoja ubavuni mwa sanduku la mbegu, kilichong'aa kupita kiasi.

"Yaani umeniita kwa sababu mtu amekufanyia usafi?" aliuliza Inspekta. Walimwita Kitunguu, kwa kuwa hakuna aliyehojiwa naye akatoka na macho makavu.

"Ni uharibifu, Afande!" Mtafiti wa zana za kale alikuwa karibu kulia kabla hata ya kuhojiwa. "Chini ya kutu palikuwa na neno la rangi nyekundu: KIPENZI. Nililigundua jana jioni. Leo nilitaka kulipiga picha na kuipima ile rangi. Sasa ushahidi sina. Makumbusho wataniona mzushi."

"Uliwaambia nani?"

"Watatu tu, mezani. Mzee mwenye ghala, mkewe, na mtafiti mwenzangu. Anza na huyo mwenzangu. Kijicho kimemfika kooni."

Mwenzake hakuzunguka mbuyu.

"Wivu ninao, sikatai. Habari za ghala hili nilizipata mimi kwanza, sifa anachukua yeye. Roho inaniuma, Afande. Mashine nzima ningeweza kumwibia. Lakini kuisugua? Bora nijisugue uso."

Kitunguu alimwamini nusu. Akakiinamia kile kiraka na tochi yake. Mikwaruzo ilizunguka, duara juu ya duara, na pembeni palibaki unga wa jivu. Watafiti hawa walipangusa kwa brashi laini, mkono ukienda upande mmoja tu. Tena sakafu chini ya sanduku ilikuwa imefagiliwa. Mtu kaja kuharibu mali, kashindwa kuacha uchafu! Kitunguu akacheka kimoyomoyo, maana mama yake mzazi angefanya vivyo hivyo.

Alimkuta mke wa mzee jikoni, mumewe kando yake. Sufuria zilipangwa ukutani, na hakuna hata moja iliyokuwa na doa la masizi.

"Shikamoo, mama. Sufuria hizi unazisugua kwa kitu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa jivu na mchanga. Sabuni za siku hizi..."

"Na sanduku la mbegu je?"

Bibi alimtazama mumewe, machozi yakamlengalenga.

"Ni mimi. Jana mezani huyu binti mtafiti kasema KIPENZI, mzee akacheka peke yake, akafuta machozi. Uzee wote huu, kumbe nina mke mwenza ghalani! Usingizi haukuja. Kulipokucha nikaenda, nikamsugua mpaka akatoka."

Mzee alishika kichwa.

"Mama watoto! Kipenzi alikuwa maksai! Yule mwekundu, aliyeikokota mashine hiyo kabla sijakuoa."

Mtafiti, aliyekuwa amemfuata Kitunguu hadi mlangoni, aliangua kicheko. Hata Kitunguu aliziba mdomo. Bibi peke yake hakucheka.

"Ng'ombe," alisema polepole. "Ng'ombe umemwandika jina, kwa rangi, kwa herufi kubwa. Mimi niliyekuzalia, nikalima nawe jua na mvua, umeniandika wapi?"

Mzee alimgeukia Kitunguu kuomba msaada.

Kitunguu hakuwa na hamu tena ya kucheka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mzee.

"Jibu swali, mzee."