Kona Isiyosuguliwa

Hebu fumba macho kidogo, uone ukuta mrefu wa mawe, na ndani yake makaburi ya kale yaliyosimama kama watu waliosahau walichokuwa wakingojea. Yote yana nakshi: maua, minyororo, hata samaki. La mwisho kabisa limechongwa mlango. Una bawaba na komeo, ila haufunguki, kwa kuwa ni jiwe tupu.

Mbele ya mlango huo alipiga magoti mama mmoja, mnakili wa nakshi katika jumba la makumbusho. Kazi yake ilikuwa kutandaza karatasi juu ya jiwe na kuisugua kwa mkaa mpaka nakshi itokeze. Fundi aliyemfunza alimwonya: ukinakili mlango, acha kona moja bila kuisugua. Mlango uliokamilika, alisema, una mwenyewe.

Lakini siku hiyo mama alikuwa na haraka. Mdogo wake alikuwa nje ya lango, amempakata mtoto wa miezi minne, na maziwa yalikwisha kumlowesha mama blauzi.

"Dada, mwanao anakula kola yangu," mdogo wake aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Akiimaliza nitampa kiatu."

"Nakuja. Mwambie avumilie."

Akasugua mbiombio, kona zote nne.

Kwanza ilikuja harufu, ya udi uliozimwa kwa maji. Alipoiondoa karatasi, jiwe lilikuwa laini. Mlango haukuwepo tena.

Akainuka aende langoni. Akapita kaburi la samaki, akapita la minyororo, akakata kona, akajikuta mbele ya jiwe lile lile. Akarudia kwa njia nyingine, safari hii akikimbia, huku kiganja chake kikiburuza ukutani ili lango lisimpite, na ukuta ukaendelea na kuendelea bila ufa wala mwanya, mpaka akafika tena pale pale alipotoka, pumzi zikimwishia.

Ndipo akasikia nje, "Eh, umetokea wapi wewe? Sijasikia lango. Haya, mpokee mlafi wako."

Na sauti yake mwenyewe ikajibu, taratibu, "Mlete."

Mama akabandika mdomo ukutani, pale aliposikia mdogo wake akihema, akanong'ona, "Mdogo wangu, usigeuke. Huyo si mimi."

"Dada?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mbona uko humo?"

"Amempakata?"

"Ndiyo. Anamtazama tu. Hapepesi macho."

Mama akaitazama karatasi mkononi. Alijua la kufanya, na ndilo lililomtisha, maana akirudisha pengo kwa kuichana kona, kile kilichotoka kingetoweka mara moja, na mtoto aliyebebwa na mikono isiyokuwepo angeanguka kichwa chini juu ya mawe.

"Mchukue kwanza," akanong'ona. "Cheka. Sema unambadilisha nepi."

"Lete huyo, dada," mdogo wake akasema kwa nguvu, kicheko kikimtetemeka. "Amejichafua, utanuka mpaka kazini wakufukuze."

"Bado," ikajibu sauti ile.

"Dakika moja tu. Ona, amelowa mpaka mgongoni."

Hapo palipita muda ambao mama hakuweza kuupima, hakuna ndege, hakuna upepo, ila harufu ile ya udi ikimpanda puani.

"Ninaye," mdogo wake akanong'ona.

Akaichana kona. Nje kitu kilimwagika kama gunia la mchanga, na lango likawa hatua tatu mbele yake.

Alimkuta mdogo wake ameegemea ukuta, mtoto kifuani, na miguuni pake rundo la unga wa mkaa. Akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu."

Mdogo wake akamsogeza mtoto kwake. Ndipo kutoka ndani ya makaburi ikaja sauti, ya uchovu, ya machozi, sauti ile ile.

"Mdogo wangu, usimpe. Huyo si mimi."

Mama angesema nini ambacho sauti ile isingeweza kukisema?

Mtoto alinyonya, maana njaa haingoji ushahidi, lakini mdogo wa mama alimshika mtoto miguu muda wote, na hadi leo hajawahi kumwacha peke yake na dada yake.

Nawe, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: umpendaye akitoka mahali kama pale, usimpokee kwa sauti yake peke yake.